Hunywi, Kwani Unaumwa?

Kaa na watu mezani, baa yoyote, Sinza au Moshi mjini, kisha uagize soda. Dakika tano haziishi hujaulizwa. "Vipi kaka, uko kwenye dozi?" Ukisema hapana, wanakujaribia nyingine: umeokoka? Unaendesha? Umefunga? Mwanamke mara nyingi haulizwi kwa mdomo. Macho ya mezani yanashuka kutoka usoni hadi tumboni, yanarudi juu, na mtu anatabasamu. Wote wanakutafutia sababu, tena kwa nia njema, maana asiye na sababu anawaweka wenzake pabaya. Aliyeagiza bia hakuulizwa kitu, ila lile swali la mhudumu: ya moto au ya baridi?

Jambo hili la mmoja kudaiwa maelezo na mwingine kuachwa limekuwa likinisumbua. Sihubiri. Nakunywa mwenyewe, si sana, na nina jamaa wa meza ambao nisingependa kuwapoteza. Lakini tangu mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara na asbesto. Kwa hesabu ya mwili, mwenye bia ndiye aliyestahili kuulizwa kama ana sababu. (Soda nayo ina sukari yake na kesi yake, tuiache kwa leo.) Meza imeigeuza hesabu hiyo, na sidhani imeigeuza kwa ujinga. Inachotaka kujua ni kama uko pamoja nao, na imezoea kupata jibu kupitia chupa.

Angalia raundi inavyokwenda. Mtu anamwita mhudumu, anachora duara hewani kwa kidole: "Tuletee kama tulivyo." Hakuna aliyeulizwa kama ana kiu. Katika baa nyingi chupa tupu haziondolewi mapema. Zinabaki mezani, au vizibo vinarundikwa kwenye kisahani, mpaka hesabu ifungwe, na mhudumu anahesabu vya meza nzima bila kujali nani kanywa ipi. Aliyekunywa ofa ana deni la ofa. Kuondoka kabla zamu yako haijafika ni aibu. Kuondoka mara tu baada ya zamu yako, wengine hawajatoa za kwao, ni kama kuwanyima nafasi ya kulipa deni. Kwa hiyo meza ya watu watano inaelekea kwenye raundi tano. Chupa atakazokunywa mtu zimeshaamuliwa na idadi ya viti.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo halisi. Raundi tano, gramu 100. Ini la mtu mzima wa kawaida linachoma gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na halifanyi haraka kwa sababu ya supu, kahawa chungu wala maji ya kuoga. Aliyeanza saa moja jioni akaaga saa tano usiku anaweza kuwasha pikipiki yake saa kumi na mbili asubuhi damu ikiwa bado ina kileo. Hakuna mezani aliyekusudia hilo. Kila mmoja alikuwa anatimiza adabu tu. Na mtu yule yule, kama angekunywa chupa tano peke yake chumbani kwake, majirani wangeanza kumsemea pembeni; akizinywa mezani anaitwa mtu wa watu. Ini halina namna ya kujua zilinyweka wapi.

Adabu hiyo haikuzaliwa baa. Uchagani, mbege haina njia ya mkato. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa saa nyingi mpaka rojo lake ligeuke rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, kisha linaachwa siku kadhaa lichachuke. Pembeni kuna ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Kuna magome ya msesewa ya kutia ule uchungu ambao mgeni hukunja uso akiuonja mara ya kwanza. Vinachujwa, vinachanganywa, vinalala kwenye pipa, na kesho yake pombe iko tayari. Keshokutwa inaanza kuchachuka zaidi, na baada ya hapo hainyweki kwa raha. Kazi ya karibu wiki nzima, kunywa siku moja au mbili. Tena mbege ni nzito, inashibisha. Tumbo linajaa kabla kichwa hakijafika mbali.

Kisha kuna utaratibu wake. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo kata itoke mkononi mwake. Ameapa bila kusema kwamba humu hamna sumu, na akidanganya atakufa yeye kwanza. Kata inafuata umri na cheo. Posa na mahari haviendi bila mbege. Ndugu waliogombana wanapopatanishwa, jani la sale, ishara ya kuomba msamaha, linatolewa, wazee wanasikiliza pande zote mbili, maneno yanasemwa mpaka yaishe, na kata inakuja baadaye. Kwenye tambiko matone yanamwagwa kwa waliotangulia. Maumbo hayo hayo, kwa namna nyingine, utayakuta kwa Wateso wa Uganda, wanaume wamezunguka chungu kimoja cha malwa kwa mirija mirefu, na kwa Warundi na Wanyarwanda, mrija ukipita kutoka mkono hadi mkono.

Katika kupatanishwa huko, ninachokitazama zaidi ni mfuatano. Maneno yalitangulia. Aliyeomba msamaha aliuomba mchana, mkavu, mbele ya watu waliokuwa wakimwangalia midomo. Kileo kilikuja kama shahidi: kimeona, kimesikia, kimefunga. Asubuhi yake hakuna aliyeweza kusema hakumbuki alichoahidi, kwa sababu alipoahidi alikuwa bado hajanywa.

Nisije nikaonekana nayapamba ya kale, maana yana ubaya wake. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi unywaji ulivyofungamana na mamlaka: nani anakunywa, nani anamnyima nani, na wazee walivyolishika jambo hilo mikononi. Kata iliyofuata umri na cheo ilifuata pia jinsia. Wanawake walipika, wanaume wakakaa kwenye vigoda. Vijana walisubiri. Hata leo ukitaka kujua pombe ya kienyeji inafanya nini kijijini, usianzie kwa mlevi, anzia kwa mama anayepika. Kuna watoto wengi waliosomeshwa na pipa la pombe. Pesa ya ada imetoka mfukoni mwa baba aliyekunywa, imepita mkononi mwa mama aliyepika, na mara nyingine hao wawili wanalala nyumba moja. Sijui kama kuna mchumi aliyewahi kuichora kodi hiyo kwenye jedwali.

Chupa ilipoingia, iliingia na hofu za watu wengine. Mwaka 1919, kwenye mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, mataifa yenye makoloni yalikubaliana kuzuia pombe kali za bei rahisi kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na kwa miaka mingi bia ya chupa ilikuwa kinywaji cha Mzungu na cha vilabu vyake. Pombe ya Mwafrika mjini ikatafutiwa kilabu chenye leseni, ili inyweke mahali ambapo serikali inaiona na kuitoza. Kiwanda cha bia kilianza Kenya mwaka 1922, cha Dar es Salaam mwaka 1933. Vizuizi vilipokuja kuondolewa, kushika chupa ya kijani au ya kahawia hadharani kulikuwa na ladha ambayo haikutokana na shayiri. Ilikuwa ladha ya mtu aliyekatazwa, sasa anaruhusiwa. Bado ipo kidogo, nadhani. Ndiyo maana mtu akipandishwa cheo anahama chapa.

Lakini tofauti kubwa ya chupa ni moja tu, na ni ya kawaida mno mpaka hatuioni: bia haichachi. Mbege ilikulazimisha kusubiri, kisha ikakulazimisha kuimaliza pamoja na wengine kabla haijaharibika. Ilichagua siku. Chupa inakusubiri wewe. Ipo Jumatatu, ipo saa nane mchana, ipo hata kama hakuna aliyeoa wala aliyekufa. Mipaka iliyokuwa ndani ya kinywaji chenyewe imeondoka, na adabu ya kutokataa imebaki. Hatukuunda adabu nyingine ya kuishikilia ile ya kwanza.

Viroba vilikuwa mwisho wa mantiki hiyo. Kipakiti cha mililita 100 cha kinywaji kikali chenye kileo cha asilimia 35 kina takriban gramu 28 za kileo, kuzidi chupa nzima ya bia, na kinaingia mfuko wa shati. Kondakta alikuwa nacho, mwanafunzi alikuwa nacho. Hakikuhitaji meza, wala glasi, wala mwenzako wa kukuonjea. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza marufuku yake Februari 2017 na ikaanza tarehe 1 Machi mwaka huo. Uganda nayo ilivifuta vipakiti vyake mwaka 2019. Nakumbuka watu wa baa wakiiunga mkono marufuku kwa nguvu sana, bia mkononi, wakisema vile ndivyo vinavyoharibu vijana. Walikuwa sahihi. Walikuwa pia wamepata mtu wa kumnyooshea kidole, maana mnywaji wa kiroba alikunywa peke yake, na kwao hilo ndilo lilikuwa kosa.

Nirudi mwilini, nako nisiseme uongo: mwanzo wa kileo ni mtamu kweli. Sehemu ya ubongo inayojizuia, inayopima nisemeje na watanionaje, ndiyo inayolegezwa mapema. Breki zinapungua, kemikali za raha zinamiminika, bega linashuka. Mtu aliyekaa wiki nzima akimwogopa bosi wake anacheka mpaka machozi. Hiyo si ndoto. Ila huko ndani kazi nyingine inaendelea. Ini linakibadilisha kileo kuwa asetaldehaidi, sumu inayojinasa kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu, kabla ya kuigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara. Kila mnywaji anapitia hatua hiyo ya kati, mstaarabu na asiye mstaarabu. Kutoka hapo zinaanza saratani za kinywa, koo na umio. Ini lina yake, utumbo mpana una yake. Saratani ya matiti hatari yake huanza kupanda hata kwa mwanamke anayekunywa kiasi cha glasi moja kwa siku, na mwili wa mwanamke, kwa kuwa una maji machache, hubaki na kileo kingi zaidi kwenye damu kwa kinywaji kile kile. Shinikizo la damu linapanda. Usingizi unakuja haraka lakini ni usingizi uliokatikakatika, na ndiyo maana mtu aliyelala saa nane nzima anaamka kachoka.

Ini halina mishipa ya kulalamikia maumivu kwa ndani. Linajaa mafuta kimya, linapata makovu kimya, na likija kusema, macho yameshakuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na huku kwetu si wachache na wengi hawajijui, anafika hapo mapema zaidi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 kileo kilihusika na vifo milioni 2.6 duniani. Hivyo si vyote vya walevi wa kuanguka mitaroni. Vingine ni vya watu wa watu.

Januari 2023 shirika hilo hilo lilisema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Wengi walikasirika, na hasira yao ilikuwa na historia. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeahidiwa kinyume chake. Mwaka 1992 jarida la The Lancet lilichapisha maelezo ya watafiti wa Ufaransa kwamba divai huenda ndiyo inayoilinda mioyo ya Wafaransa licha ya siagi na jibini zao. Michoro mingi ilionyesha umbo lile lile: wanaokunywa sana wanakufa zaidi, wasiokunywa kabisa nao wanakufa zaidi kidogo, na wanaokunywa kwa kiasi wanaishi. Kila mtu mezani alijihesabu wa kiasi.

Kabla ya hapo, mwaka 1988, kwenye jarida hilo hilo, daktari A. G. Shaper na wenzake walikuwa wameshaitilia shaka michoro ya namna hiyo. Shaper hakuwa mgeni wa huku. Alifanya kazi miaka mingi Makerere, Kampala, akaichunguza mioyo ya Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, kisha akahamia Uingereza, akafuatilia wanaume 7,735 wa miji 24. Aliuliza swali dogo: hao wasiokunywa ni akina nani? Akakuta wengi wao walikuwa wanywaji zamani. Waliacha kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kuharibika, au walikuwa kwenye dawa. Wagonjwa walikuwa wamehesabiwa upande wa soda, na bia ikapata sifa ya kuwashinda.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe swali ambalo wanasayansi wengi walisahau kuuliza ndilo lile ambalo meza ya Sinza haisahau: hunywi, kwani unaumwa? Mhudumu wa baa yoyote angewaambia.

Lakini kicheko kikiisha linabaki jambo. Kwa nini tulitaka sana divai iwe dawa? Nadhani ni kwa sababu tunaona haya kusema tunakunywa kwa ajili ya kitu ambacho daktari hawezi kukipima. Urafiki, ukunjufu, kuwa mahali ambapo hakuna anayekupa amri. Tukaona ni heshima zaidi kusema inasafisha mishipa. Sasa mishipa imeondolewa kwenye hoja, na mnywaji anabaki na sababu zake halisi, bila koti jeupe. Mimi naona ni afadhali. Sababu hizo zinaweza kusimama zenyewe au zianguke zenyewe.

Wala si lazima kukataa kwamba zina uzito. Sura ya Al-Baqara, inapozungumzia ulevi na kamari, inakiri kuwa yamo manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Katazo kamili likaja baadaye. Mtu anaweza kuwa na dini nyingine au asiwe nayo kabisa, na bado akaheshimu namna hiyo ya kupima: kutaja faida kwanza, bila kuificha, ndipo useme bei. Mahubiri mengi dhidi ya pombe yanashindwa kwa kuruka hatua ya kwanza. Msikilizaji ameionja faida, anajua mhubiri anaificha, basi haamini hata anaposema ukweli wa pili.

Mji mzima unaweza kuishi bila kileo na watu wake wasikose pa kukaa. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja baada ya alasiri, au Lamu, au mitaa ya zamani ya Mombasa. Barazani kuna dele la kahawa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata kwenye karatasi, bao limewekwa. Siasa inachambuliwa mpaka ipondeke. Anayelipa huwalipia wengine, na anayekataa kikombe haulizwi kama ana mimba. (Tatizo la baraza ni lile lile la kata: wanawake wako wapi? Hilo kahawa haikulitibu.) Na mwambao huo huo una mgema juu ya mnazi, na tembo lake halikosi wanywaji. Hata hivyo baraza ni ushahidi kwamba kukaa pamoja hakukuumbwa na kileo.

Jamaa yangu mmoja, mwenyeji wa Rombo, hakubaliani. "Kahawa inakufanya mjanja," aliniambia. "Barazani watu wanashindana kusema. Hapa watu wanasema." Nimelifikiria sana neno lake, na naona amegusa penyewe. Kuna mambo mwanaume wa kwetu hayasemi mpaka chupa ya nne. Kwamba ameogopa. Kwamba anampenda nduguye. Kwamba lile deni linamnyima usingizi na hana wa kumwambia, au kwamba alimkosea mtu miaka kumi nyuma na kila akimwona anataka kumshika mkono. Ikifika ya nne yanatoka, mtu anakumbatiwa, wengine wanafuta macho na kusingizia moshi wa nyama choma. Asubuhi hakuna anayeyataja. Ukijaribu kuyaendeleza unajibiwa kwa kicheko: "Achana nayo bwana, zile zilikuwa pombe."

Hapo ndipo naona tumepoteza kitu, na hatukukipotezea kwenye ini peke yake. Kata ya mbege ilishuhudia maneno ya watu waliojua wanasema nini. Chupa yetu inasema badala yetu, kisha inatupa ruhusa ya kuyakana. Tumeikabidhi kazi ya ndimi zetu. Ndiyo maana asiyekunywa anatia wasiwasi mezani: atakumbuka kila kitu. Kesho atakuwa ndiye pekee anayejua kwamba ulilia, na hana pombe ya kusingizia alichosikia.

Mzee mmoja wa Kibosho, ambaye daktari alimkataza kileo kabisa kwa ajili ya ini, bado anaitwa kwenye mahari na usuluhishi. Kata ikimfikia anaipokea kwa mikono miwili, anaigusisha midomoni, anaipitisha kwa anayefuata. Amehesabiwa. Sijawahi kuona akiulizwa kama yuko kwenye dozi, ingawa kweli yuko kwenye dozi. Mila ile ngumu, yenye ubaguzi wake wa umri na jinsia, ilikuwa imemwachia mgonjwa mlango ambao baa ya kisasa, yenye muziki na luninga nne, haijauweka. "Kama tulivyo" haina nafasi ya mtu wa kugusisha midomo.

Nilipendekeza siku moja kwenye meza yetu kwamba tufute raundi, kila mtu aagize chake na kulipa chake, anayetaka maji anywe maji. Nilitazamwa kama niliyependekeza tuchangie viti. "Sasa hapo tumekuja kufanya nini?" akauliza yule jamaa yangu wa Rombo, na wote wakacheka, raundi ikaletwa. Lilikuwa swali la haki kabisa. Mimi, nikijiuliza, nilikuwa nimekuja kwa ajili yake. Ana jambo la mwanawe linalomtafuna. Analigusa kila anapofika ya nne, analiacha hapo, na Jumatatu tukikutana ananiuliza habari za mpira.

Basi wiki hii nimempigia simu. Nimemwambia tuonane Jumanne saa nne asubuhi, pale stendi kwa yule mama wa chai na chapati, sisi wawili tu, nina mazungumzo. Akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti.

"Kuna nini kaka? Nani kafa?"